Namna ya Kuloweka Maharagwe Makavu kwa Anayepikia Sigiri

Maharagwe ya kesho mimi huyaanza leo saa tatu usiku, sufuria zikishaoshwa na sigiri imeshapoa. Nina kibanda cha chakula hapa Jinja, Uganda. Asubuhi ni katogo, ndizi zilizopikwa sufuria moja na kitoweo, mchana posho, yaani ugali, na maharagwe, jioni vijana wa boda wanataka kikomando, ile chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharagwe juu. Kwa siku kilo tano zinakwenda. Yakiingia motoni makavu hunila makaa tangu alfajiri hadi karibu saa nne. Yakilala majini, saa moja asubuhi yameiva na moto uliobaki unachemsha chai.

Kwetu hatukuloweka. Nilikulia kambini, baba akiwa askari, na katika mstari wetu wa nyumba kulikuwa na Waacholi, Wateso, Walugbara na Wasoga, wote tukielewana kwa Kiswahili. Mama yangu alitupa maharagwe sufuriani, akasukumia gogo la kuni, akaenda shambani. Kuni zilikuwa za bure. Mama wa nyumba ya nne, Mtooro, ndiye peke yake aliyekuwa na beseni la maharagwe mlangoni kila jioni, na sisi watoto tulimcheka kwamba anafua chakula. Siku moja aliniita akaniambia, "Mwanangu, haragwe kavu ni mgeni aliyetoka safari ya mbali. Mpe maji kwanza, habari utamwuliza baadaye." Sikumwelewa mpaka siku nilipoanza kununua makaa kwa kaveera, ule mfuko wa plastiki.

Kwanza, jua umri wa maharagwe yako

Hili watu hulivuka, na ndilo kubwa kuliko yote. Maharagwe mapya na ya mwaka juzi hayalowekwi sawa wala hayaivi sawa. Sehemu kubwa ya Uganda huvuna mara mbili: yaliyopandwa Machi na Aprili huanza kuingia sokoni Juni na Julai, na yale ya mvua za pili huja kuanzia Novemba hadi Januari. Ukinunua Julai, una bahati. Ukinunua Mei, uliza maswali.

Haragwe jipya lina rangi safi na ngozi inayong'aa. Likizeeka, ile sehemu nyeupe au ya krimu hugeuka kahawia, mng'ao unapotea, na ukilitafuna linavunjika kama kokoto. Joto na unyevu wa ghala ndio huzeesha upesi: ndani ya haragwe kuna pektini, gundi inayoshikanisha chembe zake, na haragwe likihifadhiwa vibaya kwa muda mrefu gundi hiyo hukamatana na madini ya kalsiamu na magnesi ikawa haiyeyuki tena kwa urahisi. Ndiyo maana yapo maharagwe unayoyachemsha mchana kutwa na bado yanakutazama tu.

Mwaka mmoja nilinunua kilo kumi kwa mtu ambaye sitamtaja. Juu ya gunia yalikuwa mapya, chini amechanganya na mabaki ya msimu uliopita. Niliyaloweka pamoja, nikayapika pamoja, na saa moja baadaye nusu ilikuwa uji na nusu ingali migumu. Siku hiyo wateja walikula mayai. Tangu hapo mkono wangu huingia hadi katikati ya gunia kabla pesa hazijatoka, na ninanunua aina moja tu kwa sufuria moja.

Aina nazo zina tabia zake. K132, ile nyekundu yenye madoa ambayo wengi huiita Nambale, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1994 na bado inaonekana sokoni. Inataka usiku mzima. Kanyebwa ni laini na mchuzi wake huwa mzito, saa sita zinaitosha. Ya njano hugharimu zaidi, ila huiva haraka na wenye tumbo nyepesi huyapenda. Siku hizi utaona pia zile za NAROBEAN, zilizotolewa mwaka 2016, zenye madini mengi ya chuma na zinki. Hizo nazo zilowekeni kama Nambale.

Chambua

Mimina kidogo kidogo kwenye ungo, mahali penye mwanga. Toa mawe, udongo, maganda, haragwe lililovunjika na lile lenye kuvu. La kuvu usilihurumie hata likiwa moja, wala usidhani moto utalisafisha. Yaliyotobolewa na wadudu utayaona yana vishimo vya mviringo. Machache unayatoa, yakiwa mengi rudisha gunia. Tuliosoma shule za bweni tulizoea kuwakuta wadudu wakielea juu ya mchuzi na tukanyamaza, lakini mteja anayelipa hanyamazi.

Osha, pima maji

Osha mara mbili hadi maji yaache kuwa na rangi ya udongo. Yanayoelea baada ya kuosha yamebunguliwa ndani au ni matupu, yaondoe.

Kilo moja ya maharagwe inataka lita tatu za maji. Kama huna mizani, kikombe cha nusu lita kilichojaa maharagwe ni kama gramu 400. Chombo kiwe kikubwa mara tatu ya maharagwe yenyewe, maana haragwe hunywa maji karibu uzito wake wote: uliyemwacha kilo moja usiku utamkuta karibu kilo mbili asubuhi. Maji yakiwa machache, ya juu yatabaki vichwa nje, makavu, na hayo ndiyo yatakayokusumbua sufuriani. Mimi natumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Kifuniko nakiegesha tu, sikibani, ili hewa ipite na mende asipite.

Maji ya bomba yanafaa. Kama unateka kwenye pampu ya kisima kirefu na maji yake yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika, ujue yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu ni ile ile inayokaza ngozi ya haragwe. Hapo maji ya mvua ni bora, au soma hatua inayofuata kwa makini.

Chumvi au magadi?

Wengi tumelelewa kwa imani kwamba chumvi hukaza maharagwe. Kwenye maji ya kulowekea ni kinyume. Chumvi ina sodiamu, na usiku mzima sodiamu hiyo huingia kwenye ngozi ya haragwe ikachukua nafasi ya kalsiamu na magnesi. Ngozi inalegea, inatanuka pamoja na nyama ya ndani, na haragwe linaiva bila kupasuka. Pima kijiko kimoja kikubwa cha chumvi ya kawaida kwa kila lita moja ya maji, koroga hadi iyeyuke, ndipo umimine maharagwe. Sikuamini hadi nilipoweka ndoo mbili sambamba, moja yenye chumvi na moja bila. Ile ya chumvi ilitoa maharagwe mazima, laini, ambayo ukiyaweka juu ya chapati hayageuki tope.

Magadi ni kitu kingine. Huko kaskazini wana kado atwona, hapa Buganda na Busoga tunanunua kisula, chumvi ya mawe, na nyingi hutoka Ziwa Katwe kule Kasese. Magadi hufanya maji yawe makali kiasi cha kuyeyusha ile gundi ya pektini, kwa hiyo hata haragwe zee hulainika. Lakini yanachukua malipo: yanapunguza vitamini, hasa B1, yanatia rangi giza, na ukizidisha tu mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni na utelezi mdomoni. Ninayatumia kwa maharagwe ya zamani peke yake, nusu kijiko cha chai kwa kilo, kwenye maji ya kulowekea na si ya kupikia, kisha nasuuza mara tatu. Usitumie sufuria ya alumini kulowekea na magadi, itaingia weusi.

Chumvi na magadi pamoja sijaona haja yake.

Muda

Loweka kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Nikiloweka saa tatu usiku, ikifika saa kumi na moja alfajiri zimetimia saa nane kamili, na kwa hali ya hewa ya huku kwetu zinatosha.

Ukitaka kujua kinachoendelea, kaa na ndoo saa moja ya kwanza. Haragwe hunywa kwanza pale kwenye jicho lake, kale kakovu keupe lilipokuwa limeshikamana na ganda. Ngozi inapata maji kabla ya nyama, kwa hiyo inatanuka peke yake na kufanya mikunjo kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Mara ya kwanza nilidhani nimeyaharibu. Acha. Saa zinavyokwenda nyama inafura, inaijaza ngozi, na mikunjo inapotea. Haragwe lililonywa kisawasawa ni laini juu, limenyooka, zito mkononi. Sasa lipasue kwa ukucha, vile vipande viwili viachane. Ndani pakiwa na rangi moja kutoka ukingoni hadi katikati, tayari. Pakiwa na doa jeupe kavu kama chaki pale katikati, rudisha saa mbili zaidi. Na lile ambalo asubuhi bado ni dogo, gumu na ngozi yake haijakunjamana wala kufura, halikunywa tone. Litoe, halitaiva na wenzake.

Kuzidisha nako kuna adhabu. Niliwahi kupigiwa simu ya msiba usiku, nikaondoka na mabasi ya alfajiri, nikarudi kesho yake jioni. Ndoo ilikuwa na povu juu, viputo vinapanda kimoja kimoja, na chumba kizima kinanuka kama malwa, ile pombe ya ulezi. Niliyamwaga yote. Siku za joto, au jikoni kukiwa na bati bila dari, usivuke saa kumi na mbili bila kubadilisha maji. Mwenye friji ayaweke humo, atapata hadi siku nzima bila wasiwasi. Watu wa Kabale wenye baridi yao wanaweza kwenda saa kumi na nne wala wasisikie harufu.

Umesahau usiku? Kuna njia ya mkato: chemsha maharagwe dakika tatu, epua, funika, yaache saa moja hadi mbili kwenye maji yale yale ya moto. Mwaga, suuza, pika. Yanaiva vizuri tu, ila ngozi nyingi zitapasuka na utakuwa umewasha makaa mara mbili. Kwa nyumbani sawa, kwa biashara hapana.

Maji ya kulowekea, yamwage

Shangazi yangu hunigombeza kila akija: "We mtoto, unamwaga damu ya maharagwe!" Anamaanisha ile rangi nyekundu. Kweli kuna virutubisho kidogo vinavyoondoka nayo. Lakini zinaondoka pia zile sukari, rafinosi na stakiosi, ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzivunja, hivyo zinafika utumbo mpana na bakteria wanazisherehekea kwa gesi. Dereva wa taksi atakayekaa na abiria kumi na wanne hadi Kampala anajua kwa nini namwaga. Suuza kwa maji safi, na upike kwa maji mapya. Kama hukutia chumvi wala magadi, mwagia migomba.

Sasa moto

Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini. Manne au matano tu yasiyoiva yanatosha kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu. Kuloweka na kumwaga maji kunapunguza, lakini kinachoimaliza ni kuchemka kwa nguvu: maji yabingirike, si kutetemeka pembeni, kwa dakika zisizopungua kumi. Mimi huacha nusu saa kabla ya kupunguza makaa. Moto hafifu peke yake ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu joto la nyuzi 80 hivi linaweza hata kuifanya sumu hiyo kuwa kali zaidi kuliko ya haragwe bichi.

Kwa hiyo ile desturi ya kuinjika sufuria juu ya makaa yanayokufa ukalala, asubuhi ukute yamelainika, iache. Na kama sigiri hiyo imo ndani ya chumba kilichofungwa, maharagwe ndiyo tatizo dogo. Hewa ya makaa haina harufu, na imewachukua watu usingizini.

Maji yawe juu ya maharagwe kwa upana wa vidole vitatu. Ukihitaji kuongeza, ongeza ya moto. Maji baridi yanakata mchemko na kurefusha kazi. Nyanya, ndimu na chochote kichachu vingoje hadi haragwe liwe laini kabisa, kwani uchachu huzuia gundi ile ile kuyeyuka. Kitunguu kinaweza kuingia wakati wowote. Wanaotaka binyebwa wakoroge karanga zilizosagwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, zisishike chini.

Yaliyolowekwa kwangu huchukua saa moja hadi mbili kulingana na wingi na umri. Ukitoka na kipimo hicho ukaenda kupika milimani kitakuangusha: Kampala, kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, na Kabale, karibu mita 2,000, yanachemka kwenye 93 hivi. Yanabingirika vilevile lakini joto ni pungufu, kwa hiyo ongeza muda, na kule ndiko kuloweka si hiari. Mwenye sufuria ya presha, dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha kwa yaliyolowekwa, na usiijaze kupita nusu maana povu la maharagwe huziba tundu la mvuke.

Kuonja, toa matano kutoka sehemu tofauti za sufuria. Yote matano yabondeke kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Moja likigoma, rudisha mfuniko.

Ukitaka firinda

Hapa ndipo mama wa nyumba ya nne alipokuwa akielekea na beseni lake. Firinda ni maharagwe yasiyo na ngozi, chakula cha heshima cha Watooro, na bila kuloweka hakuna firinda. Hapa loweka bila chumvi, saa kumi na mbili hadi ishirini na nne, ukibadilisha maji asubuhi na jioni yasichache. Haragwe liko tayari pale ukilibana kati ya kidole gumba na cha shahada linaruka nje ya ngozi yake kama sabuni inayoteleza mkononi.

Usiyamenye moja moja yote, utachakaa. Chukua viganja viwili, sugua ndani ya maji kama unayefua kola ya shati. Ngozi zitaachia na kupanda juu. Inamisha beseni, zimwage, ongeza maji, sugua tena. Mara nne au tano, kisha yaliyobaki na ukaidi menya kwa mkono. Hii ni kazi ya kukaa watu wawili watatu na stori. Yachemshe kwa maji kidogo, yaliyofika juu yake tu, maana bila ngozi yanaiva upesi na yanashika chini usipoangalia. Yakishalegea, yavuruge kwa mwiko hadi yawe laini kama uji mzito, tia chumvi, kitunguu na samli. Samli ya kweli, ile ya ng'ombe. Mafuta ya kupikia hayatakupa harufu ile.

Jamaa wengine wa maharagwe

Choroko hazihitaji usiku. Saa mbili, au hata bila kulowekwa. Mbaazi kavu, zile Waacholi wanaziita lapena, zitake saa sita. Soya saa kumi na mbili na maji yamwagwe bila mjadala. Maharagwe mabichi ya kumenya kwenye ganda hayalowekwi kabisa, osha uinjike. Na ukipika nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, mahindi makavu yalowekwe kwenye chombo chake, mbali na maharagwe, na yatangulie motoni kama saa moja, maana mahindi ni mwenye kiburi zaidi.

Yaliyolowekwa ukaghairi kuyapika, yamwage maji, yafunge, yaweke kwenye friji, siku mbili. Huna friji, yapike leo leo hadi yaive.